Vitabu vya zamani vya makanisa ya Ujerumani: uanzie Archion, Matricula, FamilySearch au barua?

Mama mkwe wangu alipotimiza miaka 80 alikataa zawadi zote. Alitaka kitu kimoja tu: kujua watu wake walitoka wapi kabla ya babu yake, maana hapo ndipo simulizi za nyumbani zilipokatikia. Akanikabidhi bahasha ya kaki yenye vyeti vitatu, picha moja ya harusi na kadi ya kipaimara iliyoandikwa kwa mwandiko ambao yeye mwenyewe, Mjerumani wa kuzaliwa, hawezi kuusoma. "Wewe ndiye mwenye subira humu ndani, mwanangu," akaniambia.

Mle ndani mlikuwa na koo tatu. Watu wa baba yake walikuwa Walutheri wa Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Watu wa mama yake walikuwa Wakatoliki wa Westfalen, upande wa Paderborn. Na marehemu mumewe, baba mkwe wangu, alitoka Silesia, ambayo sehemu yake kubwa tangu 1945 iko Poland. Kila ukoo ulinipitisha mlango wake. Mwaka mzima umepita sasa, na nimeona niandike nilichojifunza, kwa sababu watu wengi wanaoanza kazi hii huuliza tovuti gani ni nzuri zaidi, wanalipia, kisha hawapati kitu. Swali la kuanza nalo ni jingine: mtu wako alibatizwa kijiji gani, na katika kanisa la dhehebu gani? Ukishajibu hilo, mlango wa kubisha karibu utajichagua wenyewe.

Kwa nini kanisa na si serikali

Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo Prussia, jimbo kubwa kuliko yote ya Ujerumani ya wakati ule, tarehe 1 Oktoba 1874, na dola yote ya Ujerumani tarehe 1 Januari 1876. Kwa hiyo bibi aliyezaliwa 1890 unamtafuta kwenye ofisi ya usajili wa serikali, wenyewe wanaiita Standesamt, na hapo sheria inakutaka usubiri miaka 110 kwa kizazi, 80 kwa ndoa na 30 kwa kifo kabla daftari halijawa wazi kwa kila mtu. Ukiwa mzao wa moja kwa moja unaweza kuomba nakala mapema, mradi uthibitishe undugu.

Kabla ya tarehe hizo, aliyeshika kalamu alikuwa mchungaji au paroko. Palipotofautiana ni ng'ambo ya kushoto ya mto Rhine, ambako Wafaransa walileta usajili wao tangu 1798. Kwingineko, kitabu cha kanisa ndicho ushahidi wa karibu kila mtu: aliyebatizwa, aliyeoa, aliyezikwa, tajiri kwa maskini. Württemberg iliagiza wachungaji waandike ubatizo na ndoa mwaka 1558, na Mtaguso wa Trento ukawaagiza Wakatoliki mwaka 1563. Lakini usitegemee kufika huko kirahisi. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, viliteketeza vijiji pamoja na vitabu vyake, na sharika nyingi zina kitabu kinachoanza baada ya vita hivyo.

Jambo moja kwa wasomaji wetu. Ukiona neno evangelisch kwenye cheti cha Kijerumani, usidhani ni walokole. Ni Waprotestanti wa makanisa ya zamani: Walutheri, Wareformati (wafuasi wa Calvin), na wale wa pande hizo mbili waliounganishwa Prussia kuanzia 1817. Na katholisch ni Mkatoliki, hapo hakuna utata. Neno hilo dogo kwenye cheti ndilo litakaloamua ulipe au usilipe.

Kijiji kwanza

Bahasha yangu ilisema tu "Württemberg". Kutafuta hivyo ni sawa na kuambiwa babu yako alizikwa "Bara". Vitabu vya Ujerumani vilikaa kwa usharika au parokia, havikuwahi kuwa daftari moja la taifa, na hata taifa lenyewe halikuwa moja hadi 1871. Na majina ya vijiji yanajirudia sana. Neustadt peke yake ziko nyingi za kutosha kukupotezea mwezi.

Kwa kazi hii kuna vifaa viwili vya bure, na sijui ningefanya nini bila hivyo. Cha kwanza ni kamusi ya mahali ya Meyer, iliyochapishwa 1912 na 1913, ambayo sasa iko kwenye tovuti ya Meyers Gazetteer. Inataja vijiji na vitongoji vya dola ya Ujerumani jinsi ilivyokuwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na vile ambavyo leo viko Poland, Urusi au Ufaransa, na ina sehemu inayokuonyesha makanisa ya karibu na kijiji chako. Cha pili kinaitwa GOV, orodha ya mahali inayotunzwa na CompGen, chama cha Wajerumani wanaotafiti nasaba kwa kompyuta. GOV inakuambia kijiji kilikuwa chini ya usharika gani na katika miaka ipi, jambo la lazima kwa sababu vijiji vidogo havikuwa na kanisa. Mtoto alibebwa kwa miguu hadi kijiji cha pili kubatizwa, na jina lake limo kwenye kitabu cha huko.

FamilySearch: mahali pa kupata fununu

Hapa ndipo ninapomwambia kila mtu aanzie. FamilySearch ni tovuti ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaojulikana zaidi kama Wamormoni. Walianza kupiga picha kumbukumbu za dunia kwenye mikrofilamu mwaka 1938, Ujerumani ikiwamo. Hadi 2017 ulikuwa ukiagiza filamu ije kwa posta kwenye kituo cha karibu. Sasa kazi yote ni ya mtandaoni. Kufungua akaunti ni bure.

Uzuri wake ni kwamba unatafuta kwa jina. Watu wa kujitolea wamesoma mamilioni ya kurasa na kuandika faharasa, na moja inayohusu ubatizo wa Ujerumani inagusa miaka ya 1558 hadi 1898. Mbinu iliyonisaidia kuliko zote ni hii: acha nafasi ya jina la mtoto wazi, jaza majina ya wazazi peke yake. Watoto wote wa nyumba ile wanajipanga mbele yako, pamoja na wale waliofariki wakiwa wachanga, ambao hakuna aliyewataja nyumbani kwa miaka 150. Na usishikilie tahajia. Maier, Mayer, Meier na Meyer anaweza kuwa mtu mmoja, kutegemea mchungaji aliyekuwa zamu mwaka huo. Weka nyota mahali pa herufi unayoitilia shaka, mfumo utakubali.

Udhaifu wake ni mambo mawili. Faharasa ni kazi ya mtu aliyesoma mwandiko mgumu, kwa hiyo makosa yamo, na mara nyingi imeacha nje mambo matamu: kazi ya baba, majina ya wazazi wa ubatizo, maelezo ya pembeni. Pili, picha ya ukurasa wenyewe kwa vitabu vingi vya Ujerumani imefungwa. Utaona alama ya kamera yenye ufunguo juu yake, maana yake uende kwenye kituo chao au maktaba shiriki ndipo uione. Vituo hivyo vipo nchi nyingi, hata Afrika Mashariki. Lakini kwa kazi ya kupata jina la kijiji, FamilySearch haina mpinzani. Mimi nilipata kijiji cha watu wa Württemberg usiku wa pili, si mbali na Tübingen.

Ancestry: kabla hujatoa kadi ya benki

Nitapita hapa haraka. Ancestry ni biashara ya Kimarekani ya kulipia, na sehemu ya faharasa zake za Ujerumani ni zilezile za FamilySearch, kwa hiyo unaweza kujikuta unalipia ulichokwisha kukiona bure. Inapostahili pesa ni pale ilipo na picha pamoja na faharasa ya majina, hasa vitabu vya Walutheri wa Württemberg. Kama ukoo wako ni wa huko na huna subira ya kupekua ukurasa kwa ukurasa, mwezi mmoja wa Ancestry unaweza kukuokolea muda. Uliza kwanza maktaba kuu ya mji wako ukiwa Ulaya au Marekani, kwa sababu baadhi huwapa wasomaji wao nafasi ya kuitumia humo ndani bila malipo. Kama ukoo wako ni wa Kikatoliki, pesa hiyo itunze.

Archion: kwa Waprotestanti, na uingie ukiwa umejiandaa

Archion ni tovuti iliyofunguliwa Machi 2015, na makao yake ni Stuttgart. Nyuma yake yako makanisa ya Kiprotestanti ya majimbo ya Ujerumani yenyewe. Picha zake hazijafungwa kwa ufunguo wa kamera, nazo ni kurasa halisi ambazo unaweza kuzikuza hadi ukaona ncha ya kalamu ya unyoya ilipokwaruza karatasi. Unalipia kwa mwezi, miezi mitatu au mwaka.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapolalamika. Archion kwa sehemu kubwa haikutafutii jina la mtu. Unachagua kanisa la jimbo, kisha wilaya ya kanisa, kisha usharika, kisha kitabu, halafu unafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Anayelipa kabla hajajua kijiji amekodi basi zima bila kujua anakwenda wapi. Lakini orodha ya vitabu unaweza kuiona kabla ya kulipa senti: usharika gani upo, vitabu vyake ni vya miaka gani, na vipi viko mtandaoni. Mimi nilitumia wiki tatu kuandika orodha kwenye daftari, kijiji, kitabu, miaka, tukio ninalolitafuta, ndipo nikalipia mwezi mmoja wa Januari, baridi ikiwa kali na hakuna wa kunitoa nje. Kila jioni nilikata mistari miwili mitatu. Mwezi ulipoisha orodha ilikuwa imebaki na majina manne.

Kwa Württemberg kuna hazina ambayo mikoa mingi haina. Kuanzia 1808 wachungaji waliagizwa kutunza daftari la familia, Familienregister, kila nyumba na ukurasa wake. Niliufungua wa babu wa babu yake mama mkwe huku yeye amekaa kando yangu na kikombe cha kahawa. Juu kushoto baba: kazi yake mfumaji, tarehe yake ya kuzaliwa, majina ya wazazi wake. Juu kulia mama, vivyo hivyo. Chini, watoto tisa wamejipanga, kila mmoja na tarehe ya kuzaliwa, ya kipaimara, ya ndoa au ya kifo. Watano wana msalaba mdogo katika mwaka uleule waliozaliwa au unaofuata. Kwenye mstari wa mtoto wa tatu, badala ya kifo, kuna maneno mawili kwa wino mweusi zaidi: "nach Amerika". Na mwaka, 1854. Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Kumbe tuna ndugu huko," akasema, na hakusema tena kwa muda mrefu.

Ukurasa mmoja kama huo unakupa vizazi vitatu. Hata hivyo usiishie hapo. Daftari la familia liliandikwa kwa kunakili vitabu vingine, na anayenakili hukosea. Nenda ukaone ubatizo wenyewe. Mimi nilikuta tofauti ya siku mbili, kwa sababu sehemu moja waliandika siku ya kuzaliwa na nyingine siku ya kubatizwa.

Matricula: kwa Wakatoliki, na hulipi chochote

Upande wa Paderborn niliingia tovuti ya Matricula. Hakuna akaunti, hakuna kadi ya benki, hakuna muda unaokimbia. Inaendeshwa na ICARUS, muungano wa hifadhi za nyaraka wenye mizizi Austria, na majimbo ya Kikatoliki yenyewe ndiyo yanayoweka vitabu vyao humo. Kwa Ujerumani utakuta, miongoni mwa mengine, Paderborn, Münster, Hildesheim, Magdeburg, Passau, Regensburg, Augsburg na Würzburg. Utaratibu ni uleule wa Archion: nchi, jimbo, parokia, kitabu, kisha ukurasa kwa ukurasa. Kutafuta jina la mtu kwa sehemu kubwa hakupo, ingawa Passau wamefanya kazi ya kusifiwa ya kuandaa faharasa zao.

Si kila jimbo limo. München na Freising wana hifadhi yao ya kidijitali tangu 2019, nayo ni bure, kwa hiyo ukikosa Bavaria ya juu ndani ya Matricula usivunjike moyo kabla hujachungulia huko.

Tofauti utakayoiona mara moja ukitoka Archion kwenda Matricula ni lugha. Waprotestanti waliandika Kijerumani, mapadre wakaandika Kilatini. Watu huogopa Kilatini, lakini mimi nakiona rahisi zaidi, kwa sababu kwa kawaida kiliandikwa kwa herufi hizi tunazotumia sisi, na sentensi inajirudia vilevile kwa miaka 200: baptizatus est, amebatizwa, filius legitimus, mwana wa ndoa halali, patrini, wazazi wa ubatizo. Jioni moja inatosha kuizoea. Ujue tu kwamba majina nayo yamevalishwa Kilatini: Johann Heinrich wa nyumbani ni Joannes Henricus kitabuni.

Kilichonitesa Westfalen hakikuwa Kilatini, kilikuwa mashamba. Kule jina lilikaa na ardhi. Mwanamume akioa mrithi wa shamba, aliacha jina la baba yake akachukua jina la shamba, na watoto wakaitwa hivyo. Tuseme kijana wa Schulte ameoa binti wa shamba la Brinkmann: kitabuni utakuta "Schulte modo Brinkmann", yaani Schulte, sasa Brinkmann, au kwa Kijerumani "genannt", aitwaye, likifupishwa kuwa gnt. Nilipoteza wiki mbili nikimtafuta baba mwenye jina la mwanawe, na hakuwepo, kwa sababu alizaliwa na jina jingine kabisa kilomita chache kutoka hapo. Ukiwa na ukoo wa Westfalen na ubatizo wa mtu umegoma kuonekana, nenda kwenye kitabu cha ndoa kwanza. Hapo ndipo mwandishi alipolazimika kutaja majina yote mawili.

Kona nyingine za bure zisizotangazwa

Kama watu wako ni wa Baden, usilipe popote kabla hujaangalia hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Baden-Württemberg. Kati ya 1810 na 1870 makasisi wa Baden walifanya kazi ya msajili wa serikali pia, wakatoa nakala za pili kwa mahakama, na nakala hizo ziko mtandaoni bure, Wakatoliki, Waprotestanti na Wayahudi pamoja. Na ukingo wa kushoto wa Rhine, vitabu vingi vya kanisa vya kabla ya 1798 vilichukuliwa na Wafaransa, kwa hiyo leo vinakaa kwenye nyaraka za serikali, Duisburg, badala ya parokiani.

Kuna pia vitabu vya familia vya vijiji, Ortsfamilienbuch, ambavyo watu wa kujitolea wamevikusanya kwa kusoma kitabu chote cha kanisa na kupanga kila nyumba. CompGen imeweka mamia ya vijiji mtandaoni. Kijiji chako kikiwemo, umepata kazi ya miaka kumi ya mtu mwingine ndani ya dakika kumi. Itumie kama ramani, na ukathibitishe kwenye ukurasa halisi.

Mwandiko utakaokukuta

Tovuti yoyote utakayochagua, mwisho wa safari ni ukurasa wa Kurrent, mwandiko wa Kijerumani wa zamani. Herufi e inafanana na n. Herufi u ina mkunjo mdogo juu yake ili isichanganywe na n. Herufi s ndefu inakaa kama f. Herufi h ina kitanzi juu na kitanzi chini. Mimi nilijifunza kwa kuandika majina yangu na ya wanangu kwa Kurrent kila usiku kwa wiki mbili, kwa kalamu, karatasini. Mkono ukishajua njia, jicho linafuata.

Tarehe zina mitego yake. 7ber si mwezi wa saba. Ni Septemba, kwa sababu Warumi wa kale walihesabu miezi kuanzia Machi. 8ber ni Oktoba, 9ber Novemba, Xber Desemba. Sisi tunaosema saa mbili asubuhi huku saa ya ukutani ikionyesha nane tusingepaswa kushangaa, lakini nilinaswa. Wakati mwingine hakuna tarehe kabisa, kuna jina la Jumapili. Nilikutana na ubatizo wa "Dom. Quasimodogeniti 1762". Hiyo ni Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Mwaka ule Pasaka iliangukia 11 Aprili, basi mtoto alibatizwa 18 Aprili. Na ukisoma jina la mwanamke linaloishia na -in, kama Müllerin, jina la ukoo ni Müller. Kiishio hicho kinasema tu kwamba ni mwanamke.

Kama Mjerumani wako alikuja kwetu

Baadhi ya wasomaji wana sababu nyingine ya kutafuta: Mjerumani wa ukoo wao aliishi Tanganyika enzi za ukoloni. Kitabu cha ubatizo wake mwenyewe kiko kijijini kwake Ujerumani, na njia ni hizi hizi. Lakini habari za maisha yake huku, pengine na za watoto waliozaliwa misheni, zifuate kwenye nyaraka za chama kilichomtuma. Leipzig Mission, iliyofika Kilimanjaro 1893, nyaraka zake zinatunzwa Halle, kwenye taasisi ya Francke. Za Bethel, waliofanya kazi Usambara, ziko Wuppertal. Wamoravian waliofika Rungwe 1891 wana hifadhi yao Herrnhut, na hao wana desturi nzuri: mshiriki huandika habari za maisha yake mwenyewe, nazo husomwa siku ya maziko. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda uwatafute kwa abasia yao ya St. Ottilien, Bavaria. Daftari za ubatizo za watu wetu kwa kawaida zilibaki kwenye sharika na parokia za huku huku, kwa hiyo usikate tiketi ya Ujerumani kutafuta ubatizo wa babu aliyebatizwa Mlalo.

Barua, kwa wasio na bahati ya tovuti

Ukoo wa Silesia ulinifundisha barua. Baada ya 1945 Wajerumani wa huko walihamishwa, na vitabu vya Waprotestanti vilitawanyika. Vingine viliungua, vingine viko kwenye hifadhi za serikali ya Poland, vingine viliokolewa hadi Berlin kwenye hifadhi kuu ya Kanisa la Kiinjili, ambayo sehemu ya vitabu vyake vya mashariki utaviona ndani ya Archion. Kwa upande wa Poland, tovuti ya hifadhi za serikali, Szukaj w Archiwach, ni bure kabisa, na kumbukumbu za usajili hufika kwenye hifadhi hizo baada ya miaka 100 kwa vizazi na 80 kwa ndoa na vifo.

Kitabu cha kanisa cha kijiji chetu sikukikuta popote. Niliandika barua sehemu tatu. Ofisi moja haikujibu hadi leo. Ya pili ilijibu kwa upole kwamba hawana. Ya tatu ilinielekeza kwenye daftari la ndoa la Standesamt, ambalo sikuwa nimelifikiria kwa sababu nilikuwa nimekazana na kanisa tu.

Barua inayojibiwa ni fupi. Niliandika hivi: jina kamili, dhehebu, kijiji na wilaya yake ya zamani, mwaka na tukio moja tu, undugu wangu na mtu huyo, kisha sentensi moja kwamba niko tayari kulipia saa moja ya utafutaji na wanijulishe kabla ya kuvuka hapo. Hifadhi nyingi hutoza kwa muda wanaotumia, na mfanyakazi akiona kiwango chako anajua aanzie wapi na akomee wapi. Usitume mti wote wa ukoo. Niandikapo Ujerumani naandika Kijerumani, na Poland naandika Kipolandi kwa msaada wa jirani. Anayeomba kwa lugha ya mwenyeji husikilizwa haraka zaidi.

Daftari lile la ndoa lilikuwa mtandaoni. Mwaka 1887, bwana harusi mhunzi, bibi harusi binti wa fundi viatu, wazazi wote wanne wametajwa na vijiji vyao. Chini kabisa, sahihi. Kwenye daftari la kwanza la usajili maharusi walitia sahihi kwa mikono yao, tofauti na kitabu cha kanisa ambako mara nyingi kila kitu ni mwandiko wa mchungaji. Nilichapa ukurasa ule nikampelekea mama mkwe. Akaenda chumbani, akarudi na barua ya zamani ya mumewe, akaziweka sahihi mbili kando kwa kando mezani, ya babu na ya mjukuu. Herufi ya kwanza ya jina lao wanaianzia chini, wanaipandisha, kisha wanaivusha mkia kwenda kushoto, wote wawili vilevile.